Kiti cha Ndege Kinachogeuka Kitanda: Usilipie Kitanda Ukapewa Kiti

Najua kuna mtu hapo kafe ameshaanza kucheka: "Huyu naye, sisi tunahesabu dakika za intaneti, yeye anatuletea habari za bizinesi klasi." Cheka tu, ruksa. Ila jiulize: mzee akipewa rufaa ya kwenda India, kwenye ukoo wenu nani anatumwa kutafuta tiketi mtandaoni? Shangazi wa Muscat akitaka kurudi nyumbani baada ya operesheni, nani anaambiwa "wewe si unajua kompyuta"? Ni wewe. Na ukikosea, anayeumia siyo wewe.

Mimi yalinikuta mwaka 2022. Mama mkubwa alikuwa na matatizo ya uti wa mgongo, akawa hawezi kukaa wima zaidi ya dakika arobaini hivi bila kujinyoosha. Ukoo ukachanga, wa Dar wakatoa, wa nje wakatoa, hadi binamu mmoja akauza pikipiki. Pesa ikatosha bizinesi klasi kwa mtu mmoja, na mimi nikaachiwa kazi ya kukata tiketi. Safari ilikuwa na ndege mbili na zote zimeandikwa bizinesi. Nikalipa, nikachapa karatasi, nikajiona mjanja. Ndege ya kwanza, ile kubwa, alilala kama yuko chumbani kwake. Ya pili ilikuwa ya usiku, zaidi ya saa nne angani, na kumbe ni ndege ndogo yenye kiti kipana cha ngozi kinachoegemea nyuma tu. Hakilali. Alisafiri amejikunja ubavu, mto umebanwa kiunoni, mpaka wanatua. Shirika silitaji kwa sababu hawakunidanganya: hakuna mahali walipoandika kwamba kile kiti ni kitanda. Mimi ndo sikuuliza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma hii kitu kama mtihani. Haya ndiyo niliyoyakusanya.

NENO "BIZINESI" HALIMAANISHI KITANDA

Kwanza historia kidogo. Kiti kinacholala flati kabisa kilianzia daraja la kwanza katikati ya miaka ya 1990, halafu mwaka 2000 British Airways wakakileta bizinesi klasi, vile viti ambavyo abiria wawili wanaangaliana, mmoja ametazama mbele na mwingine nyuma. Mashirika mengine yakakimbizana. Lakini wengi kwa miaka mingi waliweka viti vya nusu njia: vinanyooka, ila vimeinama kama ubao wa kuteleza wa watoto. Ukilala, unashuka polepole kuelekea miguuni, kila baada ya nusu saa unajivuta juu. Vimepungua sana siku hizi lakini havijaisha.

Kwa hiyo leo chini ya jina hilohilo moja utakuta vitu vinne tofauti. Kuna kitanda cha kweli, nyuzi 180, kimelala sawa na sakafu. Kuna hicho kilichoinama. Kuna kiti kipana kinachoegemea nyuma, kama kile cha basi la kifahari la kwenda Arusha. Na kuna hii ya Ulaya ambayo ikikukuta unaweza kudhani umeibiwa: kwenye safari fupi za ndani ya Ulaya, bizinesi klasi ya mashirika mengi ni kiti kilekile cha daraja la kawaida, tofauti ni kwamba cha katikati kinaachwa wazi na chakula ni bora. Kwa hiyo ukimkatia mtu Dar hadi Oslo kupitia Amsterdam, kitanda atakipata kipande cha kwanza tu.

Dawa yake ni kuangalia aina ya ndege kabla ya kulipa. Kwenye ukurasa wa kukatia tiketi, karibu na namba ya safari, kuna sehemu ya maelezo ambayo wengi hatubofyi. Hapo utaona jina la ndege au kodi ya herufi tatu. Zishike hizi: 788 na 789 ni Boeing 787, 77W ni 777-300ER, 332 na 333 ni Airbus A330, 359 ni A350. Hizo ni ndege pana, zenye njia mbili ndani, na bizinesi yake kwenye safari ndefu mara nyingi ni kitanda. Ukiona 738, 73H, 319 au 320, hiyo ni ndege nyembamba yenye njia moja, na mara nyingi ni kiti cha kuegemea. Ukiona DH4 au AT7 hiyo ni ya mapanga, usitegemee kitanda hata kidogo.

Nasema "mara nyingi" kwa makusudi. Flydubai kwa mfano wana ndege nyembamba tupu, lakini 737 MAX walizoanza kuzipokea mwaka 2017 (kodi yake 7M8) ziliwekewa viti vinavyolala flati, wakati 737-800 zao za zamani zilikuwa na viti visivyolala. Shirika moja, rangi moja, njia ileile, usingizi tofauti. Kwa hiyo kodi inakupa mwanga tu. Baada ya hapo nenda kwenye tovuti ya shirika lenyewe, sehemu ya ndege zao, usome. Wazee wa zamani mtaikumbuka SeatGuru, ilianza 2001 na ilikuwa ndo msahafu wa viti. Ilikaa miaka bila kuboreshwa halafu ikafungwa 2025. Sasa hivi wanaojali wanatumia aeroLOPA, ambayo inachora kila ndege kwa vipimo, hadi madirisha yanayokosekana unayaona.

Na bado ndege inaweza kubadilishwa. Mashirika yana haki ya kuleta ndege nyingine, iko kwenye masharti yao. Angalia tena wiki moja kabla na siku moja kabla. Ukiona ramani ya viti imebadilika sura au namba ya kiti imehama yenyewe, ujue ndege imebadilishwa. Piga simu hapohapo, usisubiri kaunta, kwa sababu ukipiga mapema kuna uwezekano wa kuhamishiwa safari ya siku nyingine.

HESABU ZA VITI: 2-2-2, 2-3-2, 1-2-1

Hizi namba ni idadi ya viti kwa upana wa ndege, na kila alama ya kutenganisha ni njia ya kupita. Ukizielewa umemaliza nusu ya kazi.

Kwenye 1-2-1 kila mtu ana njia yake. Hakuna wa kumruka. Hii ndo bora, na ndo dunia inakoelekea. Qatar Airways mwaka 2017 walileta hadi vyumba vidogo vyenye mlango wa kufunga. Emirates ambao 777 zao zilikuwa 2-3-2, mwaka 2024 walianza kuzifumua na kuweka 1-2-1.

Kwenye 2-2-2 mambo yanabadilika. Dreamliner za Kenya Airways, zenye viti 30 vya bizinesi, ni za mtindo huu. Vitanda ni flati kweli, lakini aliyekaa dirishani akitaka kwenda chooni usiku inabidi aruke miguu ya jirani aliyelala. Fikiria mama mtu mzima, ndege inatikisika, gizani, anaruka miguu ya mwanaume asiyemjua. Hata haombi, anajizuia hadi asubuhi, na ili ajizuie anaacha kunywa maji. Hapo ndipo matatizo mengine yanapoanza.

Hivyo kwa mtu mzima au mgonjwa anayesafiri peke yake, kwenye 2-2-2 chagua viti viwili vya katikati. Wote wawili wana njia upande wao, hakuna anayemruka mwenzake. Watu wanakimbilia dirisha kwa sababu ya picha. Vya katikati vinabaki na ndivyo vizuri kwa usingizi. Kama wanasafiri mume na mke, wachukue dirishani, wakirukana ni mambo yao.

Kwenye 2-3-2 kile cha katikati kabisa ni adhabu. Kama ndicho kilichobaki, fikiria safari nyingine.

Mambo mengine ya kuangalia kwenye ramani: choo na jiko. Safu iliyopakana na jiko inasikia kila trei, kila kicheko cha wahudumu, na taa inawaka usiku kucha. Safu ya mbele kabisa, iliyoegemea ukuta, mara nyingi ina nafasi kubwa zaidi ya miguu, maana viti vingi vya kisasa vinakutaka uingize miguu kwenye tundu chini ya kiti cha mbele, na tundu hilo safu nyingine ni jembamba kama droo. Mtu mwenye miguu iliyovimba au mrefu atalalamika. Lakini kwenye ukuta huohuo ndipo vinapofungwa vitanda vya watoto wachanga. Unachagua mwenyewe: nafasi ya miguu au kelele za mtoto. Mi ningechagua miguu, nikabeba vizibo vya masikio.

Urefu wa kitanda kwa kawaida ni kati ya sentimita 190 na 200, na upana unapungua ukienda miguuni. Anayelala ubavu huku amekunja magoti ataona kimebana.

WA HALI YA MGONJWA SOMA HAPA TARATIBU

Kitanda cha bizinesi hakitumiki wakati wa kuruka na kutua. Kiti lazima kiwe wima, mkanda umefungwa. Hesabu dakika ishirini hadi arobaini kila upande, na foleni ya njia ya kurukia ikiwa ndefu zinaongezeka. Kama mgonjwa hawezi kukaa wima hata muda huo, kiti cha bizinesi hakimfai, hata mchange kiasi gani. Huyo anahitaji machela, ambayo mashirika mengine hufunga juu ya viti kadhaa vya daraja la kawaida, na lazima awe na msindikizaji. Hilo liulizeni kabla ya kuchangisha, siyo baada.

Kwa mgonjwa yeyote ambaye hali yake siyo ya kawaida kuna fomu inaitwa MEDIF. Daktari anayemtibu anajaza, shirika linaipitisha kwa madaktari wao, wanajibu anaruhusiwa au hapana na kwa masharti gani. Watu wanaogopa hii fomu wakidhani ikipelekwa atakataliwa. Hatari iko kinyume chake: ukificha, wakimwona kaunta hali yake mbaya, wanaweza kumzuia asipande, na tiketi ndo imeshakwenda. Ombeni mapema, angalau saa 48 kabla, zaidi ya hapo ni bora.

Kiti cha magurudumu pia kinaombwa wakati wa kukata tiketi na kina kodi zake, usiandike tu "wheelchair". WCHR ni kwa anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mbali. WCHS hawezi ngazi ila ndani ya ndege atajikongoja hadi kitini. WCHC hawezi kabisa, anabebwa hadi kwenye kiti. Viwanja vyetu vingine bado abiria wanapanda ndege kwa ngazi kutoka chini, kwa hiyo ukiandika R badala ya S, mzee wako atafika chini ya ngazi na kiti kinamwachia hapo.

Hewa nayo. Ndani ya ndege inayoruka juu, hewa inakuwa nyepesi kama uko mlimani, kwa kawaida haizidi mita 2,400, kama vile uko Addis Ababa. Ndani ya 787 ni kama mita 1,800, karibu sawa na Nairobi. Kwa mtu mzima wa afya hakuna neno, ila mwenye shida ya moyo au mapafu amuulize daktari wake swali hilihili: je, anaweza kukaa Addis usiku mzima? Daktari ataelewa mara moja.

Halafu damu kuganda miguuni. Kuna imani kwamba ni ugonjwa wa viti vya bei rahisi tu. Siyo kweli. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya saa nne au zaidi inakaribia kuongeza hatari mara mbili, na sababu kubwa ni kukaa bila kusogea. Mtu akilala fofofo saa nane kwenye kitanda cha bizinesi bila kuamka naye hajasogea. Aamke mara mbili tatu, atembee hadi mwisho wa njia, akiwa amelala azungushe vifundo vya miguu. Waliotoka kwenye upasuaji karibuni, wenye saratani, au waliowahi kuganda damu, wazungumze na daktari kuhusu soksi za kubana au dawa kabla ya safari.

UKISHAINGIA NDANI

Hapa sitachukua muda mrefu. Kile kiti kina vitufe vingi. Cha kitanda kwa kawaida kina mchoro wa mtu aliyelala. Ukikishikilia, shikilia mpaka kiti kisimame chenyewe, ukiachia katikati kinabaki hapo. Kwenye baadhi ya ndege kiti hakinyooki, bali unakunja mgongo wake mbele na kitanda kiko nyuma yake. Mwite mhudumu, ndo kazi yake, hakuna aibu.

Mkanda ufunge JUU ya blanketi. Wahudumu wakipita na ndege inatikisika wanaangalia mkanda, wasipouona watakuamsha. Waambie mapema kama unataka chakula au unataka kulala moja kwa moja. Ndege ya saa 4 usiku, ukisubiri vyakula vyote vile vya mafungu mafungu, unapata usingizi saa 7. Kama tiketi yako inakuruhusu kuingia ule ukumbi wa kupumzikia uwanjani, kula hapo ushibe, ukipanda ulale. Uliza godoro jembamba la kutandika, mashirika mengine wanalo lakini hawaligawi mpaka uombe.

Ndege ikiwa juu huwa imeinua pua kidogo, nyuzi mbili au tatu. Ukilala umeelekea mbele, miguu inakuwa juu kidogo kuliko kichwa. Wenye kiungulia wataisikia. Usinyooshe kiti hadi mwisho, acha mgongo umeinuka kidogo, au omba mto wa pili.

Simu ikidondoka ndani ya mitambo ya kiti, USISOGEZE KITI. Mwite mhudumu. Kiti kikiiponda, betri inaweza kushika moto, na moto ndani ya ndege hakuna anayeutaka.

PESA

Njia za kupunguza gharama zipo chache na zote zina mtego. Ya kwanza, nunua kitanda pale tu kinapolipa. Dar hadi Dubai mchana, saa tano na ushee, toa kuruka, toa kula, toa kutua, unabaki na saa tatu za kujinyoosha. Kwa mtu mzima wa afya siyo biashara. Nairobi hadi New York, ambayo Kenya Airways waliianza Oktoba 2018, karibu saa 15 bila kusimama: hapo kila saa ya kitanda unaihisi. Mashirika mengine yanakuruhusu kuchanganya, kwenda kawaida na kurudi bizinesi, au kinyume chake. Mgonjwa anayekwenda kufanyiwa operesheni, mara nyingi anayehitaji kitanda zaidi ni yule anayerudi, na mshono wake.

Ya pili ni mnada. Mashirika kadhaa hutuma barua pepe kwa mwenye tiketi ya kawaida, wanakwambia taja bei yako ya kupandishwa daraja. Zingatia kwamba bei unayotaja ni ya mtu mmoja na ya kipande kimoja cha safari. Na wanakujibu siku chache au saa chache kabla, kwa hiyo kwa mgonjwa usitegemee mnada kabisa. Huo ni wa sisi tunaobahatisha.

Ya tatu ni kuuliza kaunta siku ya safari. Mara nyingine wana bei ya papo kwa papo. Kupewa bure kwa sababu umevaa suti, hiyo ni hadithi ya kijiweni.

Mwisho, haki yako. Ukishushwa daraja, yaani umelipa bizinesi wakakukalisha kawaida, sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inataka urudishiwe sehemu ya nauli ya kipande hicho ndani ya siku saba: asilimia 30 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, na asilimia 75 kwa zile ndefu za zaidi ya kilomita 3,500 kwenda au kutoka nje ya Ulaya. Inahusu ndege yoyote inayoondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya, na ndege za mashirika ya Ulaya zinazokwenda huko, kwa hiyo Dar hadi Amsterdam kwa shirika la Uholanzi imo. Lakini ona: sheria inazungumzia kushushwa daraja. Ukikaa bizinesi ambayo kiti hakilali au kitufe kimekufa, haikusaidii. Hapo piga picha kiti kilipokwama, mwombe mhudumu aandike taarifa, na ukifika tuma malalamiko kwa maandishi ukiwa na namba ya kiti.

Mama mkubwa alirudi Dar baada ya wiki tano. Safari ya kurudi nilimbadilishia, nikalipa faini ya kubadilisha tiketi, nikamtafutia njia ambayo ndege zote mbili ni pana, kiti cha katikati, WCHS imeandikwa, MEDIF imepita. Alipotoka mlangoni pale uwanjani kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama lile blanketi alilokuja nalo anatakiwa kulirudisha.

Wadau mliowahi kupanda hizi ndege, tuambieni hapo chini kodi ya ndege, safu, na kama kilikuwa kitanda au ubao wa kuteleza. Asiyejua kusoma kodi aiandike hapo, tutamsaidia.